Chungu cha Moto wa Wazi si Chungu Duni

Wako wataalamu wanaoamini kwamba mfinyanzi asiye na tanuri ameachwa nyuma na maendeleo, na kwamba dawa yake ni kujengewa tanuri la matofali. Sikubaliani nao, na ningependa walimu wa sayansi waupime ubishi huu wao wenyewe pamoja na wanafunzi wao.

Tuchukue mahali kama Mwamanyili, wilayani Busega katika mkoa wa Simiyu, karibu na Ghuba ya Speke. Katika ukanda huu wa Ziwa Viktoria vyungu vilifinyangwa tangu kabla ya Kristo. Vile vya aina ya Urewe, vilivyopewa jina la mahali magharibi mwa Kenya, vimefukuliwa pande nyingi za ziwa. Hata leo, katika sehemu nyingi za nchi yetu, wafinyanzi, ambao wengi wao ni wanawake, huchoma kwa moto wa wazi. Vyungu vilivyokauka hupangwa pamoja na kuni, hufunikwa kwa nyasi au samadi kavu, kisha moto hutiwa. Mara nyingi kazi haimalizi nusu siku.

Fumbo la kisayansi limo katika wepesi huo. Unyevu uliobaki hugeuka mvuke na kupasua chungu. Ndiyo maana chungu huanikwa sana kabla ya kuchomwa. Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi za Sentigredi, kaolini hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, kiasi cha asilimia 14 ya uzito wake, wala haiwi tope tena. Karibu na nyuzi 573, kwatsi, yaani madini yaliyo mengi mchangani, hutanuka ghafla. Chungu hustahimili misukosuko hiyo kwa sababu mfinyanzi amechanganya udongo wake na mchanga au vigae vilivyopondwa. Vitundu vilivyo baina ya chembe huupa mvuke njia ya kutokea, na ufa mdogo ukianza, hukwama hapo.

Wajapani wanao ufinyanzi uitwao raku, ulioanzishwa na Chojiro mjini Kyoto katika karne ya 16. Bakuli la chai huchukuliwa kwa koleo kutoka motoni lingali jekundu, likapoe nje. Udongo wake nao ni wa chembe nene, kwa sababu ile ile. Ng'ambo nilikosoma, raku ilizungumzwa kwa heshima kubwa. (Na bakuli hilo halipikiwi maharage!) Sioni sababu ya kumnyima mfinyanzi wetu heshima hiyo.

Sasa turudi kwenye tanuri. Likifika nyuzi 1200, udongo mwingi wenye chuma hulegea na kupinda. Ule unaostahimili huziba vitundu vyake na kuwa mgumu, jambo lifaalo kwa kikombe au sahani. Lakini chombo kama hicho kikiwekwa juu ya mafiga, chini kuna ndimi za moto na juu kuna upepo, ni rahisi kupasuka. Mtungi nao ukizibwa vitundu haupozi maji, kwani ubaridi wake hutokana na maji yanayopenya na kugeuka mvuke. Tena tanuri hilo hutaka kuni nyingi, na Usukumani miti ni haba. Anayepima chungu kwa ugumu peke yake amechagua kipimo kisichohusika.

Sufuria na ndoo za plastiki zimewapunguzia wafinyanzi wateja, na vijana wachache hurithi kazi hii. Uwiano wa mchanganyiko umo vidoleni mwa wazee. Basi wanafunzi wa kidato cha pili wafinyange vipande vya udongo mtupu, na vingine vyenye robo na nusu ya unga wa vigae. Wavichome pamoja na vyungu vya mfinyanzi, kwa ridhaa yake. Kisha wavipashe moto na kuvitumbukiza majini kwa koleo, macho yakiwa yamekingwa, wakihesabu ni mara ngapi kila kipande kinastahimili. Waandike pia vipimo anavyotumia mfinyanzi na majina anayoyaita. Naye alipwe kwa siku yake, kama alipwavyo mtaalamu yeyote aalikwaye shuleni.