Kidonda Kinachofichwa kwa Aibu

Askari akipata kidonda mguuni humwendea daktari wa kambi siku hiyo hiyo, wala hapana amchekaye. Lakini mkewe akiota kidonda katika sehemu za nje za uke, hukaa nacho miezi mingi, akijipaka dawa za mwasho zilizonunuliwa dukani. Saratani ya mahali hapo ni haba kuliko ile ya mlango wa kizazi. Hata hivyo yaonekana kwa macho na yapapasika kwa mkono. Haijifichi, ni sisi tunaoificha.

Yafaa ieleweke kwamba fungu kubwa la saratani hii, hasa kwa wanawake ambao hawajazeeka, husababishwa na virusi vya HPV, na zaidi aina ya 16. Ni aina ile ile ambayo Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake waliigundua mwaka 1983 katika saratani ya mlango wa kizazi, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo hupita kwa kugusana ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Mpira hupunguza hatari, lakini haufuniki kila mahali.

Mwanamume huvichukua bila dalili yoyote. Basi asemaye kambini kwamba haya ni mambo ya wanawake hana hoja. Wala asitokee wa kumpiga mkewe kwa habari ya daktari: virusi hivi vyaweza kukaa mwilini miaka mingi, na hapana ajuaye vilitoka kwa nani.

Mwasho usiokoma, uvimbe, baka jeupe au jekundu, kidonda kisichopona, damu isiyo ya hedhi: mojawapo yatosha kumpeleka mama hospitali, akatwe kipande kidogo cha nyama kipimwe. Mwenye virusi vya UKIMWI na mvutaji sigara wamo hatarini zaidi. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi upasuaji huiondoa.

Kwa mabinti ipo chanjo. Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2011, nasi Uganda tukaieneza nchi nzima mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10, bila malipo. Taabu yetu ni uhamisho: mtoto wa askari huiacha shule moja kabla ya siku ya chanjo, akafika nyingine siku hiyo imekwisha pita. Mzazi asiingoje shule. Ampeleke binti kituo cha afya kilicho karibu na kambi mpya, na kadi yake mkononi.