Wimbi la Umeme Pekee Si Kuona

Mgonjwa ambaye retina yake inakufa taratibu husikia habari moja tena na tena: dawa fulani imeponya macho ya panya maabarani. Kabla hajapewa tumaini hilo, ni haki yake aelezwe kilichopimwa hasa.

Kipimo kinachotumika mara nyingi huitwa elektroretinografia. Panya huwekwa gizani usiku kucha, kisha chini ya mwanga hafifu mwekundu hupewa dawa ya usingizi na mwili wake kutunzwa usipoe. Elektrodi hugusishwa kwenye konea, mwanga humulikwa mara moja kwa ghafla, na retina hujibu kwa umeme mdogo mno unaochorwa kama mawimbi. Wimbi a, linaloshuka, hutoka katika seli zinazopokea mwanga; wimbi b, linalopanda, hutoka hasa katika seli za tabaka linalofuata, zinazopokezwa ujumbe huo.

Thamani ya kipimo hiki haina shaka. Panya wa ukoo wa RCS hurithi upofu, na mawimbi yao hufifia kadiri wanavyokua. Mwaka 2000 ilibainika kwamba kasoro yao imo katika jeni iitwayo MERTK. Mwaka huohuo, kasoro za jeni hiyo zilipatikana kwa binadamu wenye retinitisi pigmentosa, ugonjwa ambao kwa kawaida huanza kwa kutoona vizuri usiku.

Hata hivyo, wimbi hilo halithibitishi kwamba mnyama anaona. Linaeleza kazi ya retina, wala halielezi kama ujumbe umefika kwenye ubongo. Mgonjwa wa glaukoma anaweza kuwa ameharibikiwa sana neva ya jicho, huku mawimbi a na b yakikaribia ya mtu mwenye afya. Tena panya hana makula, sehemu ya katikati ya retina ambayo binadamu huitumia kusoma na kutambua nyuso. Zaidi ya hayo, mwili wa panya ukipoa, au muda wa giza usipotosha, wimbi hubadilika bila dawa kuhusika.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya anayeulizwa kuhusu habari hizo hana budi kuuliza kwanza: Je, palikuwa na panya wasiopewa dawa wa kulinganishwa nao? Aliyesoma mawimbi alijua ni panya yupi aliyepewa dawa? Je, mwenendo wa panya nao ulionyesha kwamba wanaona? Majibu yakiwa mazuri, bado inabaki hatua ya kuijaribu dawa kwa binadamu, kwa usalama na kwa ridhaa yao.

Kumweleza mgonjwa hayo si kumkatisha tamaa. Ni kumwepusha na wauzaji wanaotumia mchoro wa jicho la panya kumtoa fedha zake, na kumsaidia aendelee kuhudhuria kliniki ambako macho yake mwenyewe hupimwa.