Mkopo wa simu: Nani aliamua siku 14 zinamtosha mvuvi wa Remba?

Remba ni kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria, Kaunti ya Homa Bay, nyumba za mabati zimebanana kama Mathare. Pesa ya hapo ni samaki: mbuta na omena. Na omena wana ratiba yao. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hivyo mwezi ukiwaka sana taa haivuti kitu, na mapato yanashuka.

Sasa angalia Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022. Unakopa kati ya Sh500 na Sh50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, unalipa ndani ya siku 14. Kwa muuza mitumba wa Gikomba, hizo siku si mbaya. Lakini mvuvi wa omena akikopa mwezi unapoanza kung'aa, deni linaiva giza likiwa ndio tu linarudi ziwani. Akichelewa, alama zake zinashuka.

Mikopo mingi ya simu hutolewa kwa alama. Mashine huchukua vigezo kadhaa, kila kimoja kinapewa uzito, halafu inajumlisha. (Hata video unazopangiwa kwa simu hupangwa kwa hesabu ya aina hiyo.)

Tuseme vigezo ni viwili tu, kila kimoja alama 10. Mvuvi ana 3 kwa mapato ya kila wiki na 9 kwa kulipa madeni yake. Karani wa Nairobi ana 9 na 6. Ukiipa mapato ya kila wiki uzito wa asilimia 60, karani anapata 7.8, mvuvi 5.4. Ukiishusha hadi 20, mvuvi anapanda hadi 7.8 na karani anabaki na 6.6. Watu ni wale wale, rekodi ni zile zile. Kilichobadilika ni uzito, na mfumo unaoupanga umeundwa na watu.

Kwa hivyo wakikuambia "mfumo umekataa", usiondoke hivyo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinakupa haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake uangaliwe upya. Andika ombi lako, taja kifungu hicho, na uulize ni kigezo gani kilichokuangusha.