CV moja haifungui milango yote!

Leo nawageukia nyie wasomi wa Makumira mnaopanda haisi kwenda mjini na bahasha ya kaki kwapani. Ndani kuna nakala ishirini zinazofanana kama sare za shule: moja ya kampuni ya utalii, moja ya benki, moja ya sekondari. Halafu unalalamika simu haiiti! Ndugu yangu, ufunguo mmoja haufungui makufuli yote.

Tuanze na CV yenyewe. Jina limetoka Kilatini, maana yake mwendo wa maisha. Humo unaweka elimu, kazi, mafunzo, lugha na wadhamini. Anayetaka kufundisha chuo kikuu huiandika ndefu, na tafiti zake zote ndani.

Rezume ni mdogo wake CV. Hii ni staili ya Wamarekani: ukurasa mmoja, au miwili ukizidi sana, na unachagua yale tu yanayohusu kazi ile. Tajiri wa utalii pale Arusha anatafuta mtu wa kupokea wageni? Anza na Kifaransa chako na yale mafunzo ya vitendo uliyofanya hotelini. Alama za kidato cha pili hazimhusu.

Kuna na wasifu mfupi, aya moja inayokutaja kama "yeye". Huo ni wa kukutambulisha kwenye semina au kitabu, usiuombee kazi. Na barua ya maombi je? Wengi wanairudia CV humo kwa sentensi ndefu. Kosa! Barua inajibu swali moja tu: kwa nini wewe, na kwa nini hapo?

Serikalini mambo ni mengine. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapokea maombi kwenye mtandao wake wa Ajira Portal, kwa hiyo bahasha yako iache nyumbani. Unajaza taarifa zako, unaambatisha vyeti na barua uliyoisaini. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho: mara nyingi wanataka wadhamini watatu, na hati za matokeo hazipokelewi badala ya cheti chenyewe. Wengi wanaangukia hapo, siyo kwa kukosa elimu.

Sasa sikia hili. Usimwachie kijana wa steshenari akutungie maisha. Anachukua CV ya mteja wa jana, anabadili jina, na wewe unajikuta umefanya kazi Mwanza usikowahi kukanyaga! Siku ya usaili utajibu nini?

Na uongo una gharama. Aprili 28, 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Wakaondolewa kazini, wengine wakiwa na familia zinazowategemea. Bora ukurasa mmoja wa kweli kuliko vitano vya kupamba.

Basi wikiendi hii kaa chini, andika CV moja ndefu uihifadhi. Kila tangazo likitoka, chota humo yale linayoyataka. Na wale wadhamini wako waombe ruhusa kwanza, wasije wakapigiwa simu wakauliza, "Nani huyo?"

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea usaili wenyewe. Kila la heri!