Ndoo ya Maji Matamu na Uhai wa Mpiga Mbizi

Yeyote aliyewahi kusimama ufukoni akawatazama wapiga mbizi wakirejea kutoka baharini hakosi kuona jambo moja. Wakubwa huketi kuyazungumza waliyoyaona chini ya maji, na kijana aliye mdogo kuliko wote huachiwa mitungi na vidhibiti vya hewa avioshe. Hupewa ndoo, naye huchovya na kutoa, kisha huanika juani. Hakuna amwambiaye kwa nini anafanya hivyo. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo inayodharauliwa ni kazi ya sayansi, kwamba uhai wa watu hutegemea ifanywe kwa maarifa, na kwamba shule zetu za sekondari zinayo mambo yote yatakiwayo ili kuifundisha.

Wala jambo hili si la watalii peke yao, wajao kutazama matumbawe ya Mafia au Watamu. Tarehe 29 Septemba 2019, katika kivuko cha Likoni huko Mombasa, gari lilitumbukia baharini kutoka katika feri, likiwa na mama na binti yake. Wapiga mbizi walilitafuta kwa karibu wiki mbili kabla ya kulipata, katika kina cha zaidi ya mita 50. Siku ya msiba kama huo taifa zima huwategemea watu wachache wenye mitungi mgongoni. Hiyo si siku ya kugundua kwamba vali imeganda kwa chumvi.

Hewa iliyoshindiliwa

Kifaa tunachokizungumzia kilifanikishwa nchini Ufaransa mwaka 1943 na Jacques Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Petroli ilikuwa adimu kwa sababu ya vita, na Gagnan alikuwa amekwisha kutengeneza vali ya kudhibiti gesi iliyotumiwa na magari badala yake. Vali hiyo ndiyo iliyogeuzwa ikawa ya kumpa mpiga mbizi hewa kila avutapo pumzi.

Mtungi wa kawaida wa alumini una nafasi ya lita 11 hivi. Hewa hushindiliwa humo hata kanieneo yake ikafikia karibu mara 200 ya kanieneo ya angahewa, na hivyo mtungi hubeba hewa ipatayo lita 2,200. Kila sentimita mraba ya ukuta wake husukumwa kwa nguvu ilingayo uzito wa kilo 200. Eneo la sentimita 10 kwa 10 hubeba tani 20. Kifaa cha namna hiyo hakistahili kutupwa pembeni kama debe tupu.

Kidhibiti hupunguza kanieneo hiyo kwa hatua mbili. Sehemu ya kwanza, ifungwayo kwenye mtungi, huishusha hata ikabaki mara 10 hivi ya kanieneo ya angahewa juu ya ile ya maji yaliyomzunguka mpiga mbizi. Sehemu ya pili, iliyo mdomoni, ina kiwambo cha mpira laini. Mtu avutapo pumzi, kiwambo huingia ndani na kusukuma wenzo mdogo. Vali hufunguka, na hewa humfikia kwa kanieneo ilingayo ile ya maji. Kazi yote hiyo hutegemea springi, viti vya vali na pete za mpira ambazo mafundi huziita oringi.

Adui wa kwanza: chumvi

Lita moja ya maji ya bahari huwa na chumvi ipatayo gramu 35. Maji yakikauka ndani ya kidhibiti, chumvi hubaki ikiwa fuwele ngumu. Fuwele hizo huzikwaruza pete za mpira na kuizuia springi isiende sawasawa. Isitoshe, hunyonya unyevu wa hewani, na ulikaji wa metali huendelea hata kifaa kikiwa kabatini. Ndiyo sababu yapasa kukiosha kwa maji matamu kabla hakijakauka, na kukiloweka kitambo, kwa kuwa kuchovya mara moja hakutoshi kuyeyusha chumvi iliyojificha.

Lakini kuosha bila kujua huweza kuharibu kuliko kutoosha. Kwanza, hapana budi kukausha kifuniko cha tundu la hewa na kukifunga barabara, ama sivyo maji yataingia katika sehemu ya kwanza, mahali ambapo hayakutakiwa kufika kamwe. Pili, kidhibiti kisichofungwa kwenye mtungi uliofunguliwa kisibonyezwe kitufe chake cha kupulizia kikiwa majini. Kitufe hicho hufungua vali, na maji hupanda ndani ya bomba la mpira hadi kule juu. Tatu, vifaa vikaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali huharibu mpira. Kijana wetu wa ndoo, aliyebonyeza kitufe kwa bidii akidhani anasafisha, hana kosa. Kosa ni la yule aliyempa kazi bila kumpa maarifa.

Adui wa pili: kutu

Hapa namwomba mwalimu wa kemia alikumbuke jaribio alijualo vizuri. Chukua zile nyuzi laini za chuma za kusugulia masufuria, za aina ishikayo kutu, uzilowanishe, uzisukume hadi mwisho wa neli ya majaribio, kisha uisimamishe neli kichwa chini ndani ya bakuli la maji. Baada ya siku kadhaa nyuzi zitakuwa zimeshika kutu, na maji yatakuwa yamepanda kujaza karibu sehemu moja ya tano ya neli. Oksijeni iliyokuwamo imeingia katika kutu.

Sasa badala ya neli uweke mtungi wa feleji, na badala ya matone machache uweke maji ya bahari yaliyoingia humo bila mtu kujua, mtungi ukakaa miezi mingi stoo. Kutu hutafuna ukuta, na wakati huohuo hula oksijeni. Geji itaonyesha kwamba hewa ingalipo. Lakini hewa iliyopungukiwa na oksijeni haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu; aivutaye huweza kuzirai kabla hajatambua lolote. Chini ya maji, kuzirai ni kufa.

Maji huingiaje mtungini? Huingia mpiga mbizi anapomaliza hewa yote akiwa chini, vali inapoachwa wazi, au mtungi unapojazwa huku kiungio kikiwa na maji. Kwa hiyo hewa kidogo ibakizwe mtungini daima, na vali ipulizwe maji yatoke kabla ya kujazwa.

Mitungi ya alumini haishiki kutu kama chuma, lakini nayo ina maradhi yake. Baadhi ya ile iliyotengenezwa zamani kwa aloi iitwayo 6351 ilionekana kuwa na nyufa shingoni, na michache ilipasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Ufa wa mtungi hauzibwi, mtungi huondolewa kazini.

Ndipo ulipokuja utaratibu ulioenea katika nchi nyingi: mtungi kufunguliwa na kumulikwa ndani kila mwaka, na kujaribiwa kwa maji kila miaka mitano. Hutumiwa maji kwa kuwa hayashindiliki kwa urahisi. Mtungi ukishindwa, maji hayarushi vipande kwa nguvu ambayo hewa ingerusha.

Tufanye nini?

Rai yangu ni tatu. Kwanza, aoshaye vifaa afundishwe sababu za kila hatua, na aandike daftarini tarehe ya kila uchunguzi. Pili, ajazaye mitungi awe na haki ya kuukataa mtungi usio na alama ya uchunguzi, na mwajiri wake asimlaumu kwa hasara ya siku moja. Tatu, walimu wautumie mtungi huu kufundishia kanieneo, ulikaji na kanuni ya Boyle.

Wako watakaosema kwamba wanafunzi wachache mno watapiga mbizi. Ni kweli. Lakini wengi watakaa na mtungi wa gesi jikoni, na wengine watatunza mitungi ya oksijeni hospitalini. Wengine watasema kwamba maji matamu ni adimu visiwani na uchunguzi ni wa gharama. Hayo nayo ni kweli. Lakini pipa moja la maji yabadilishwayo kila siku huweza kuhudumia vidhibiti vingi, na gharama ya uchunguzi hailingani na gharama ya mazishi.

Tumezoea kumsifu atengenezaye mtambo mpya na kumsahau autunzaye uliopo. Mwanafunzi asimamaye mbele ya ndoo ya maji akauliza kwa nini, amekwisha kuanza kazi ya sayansi. Wajibu wetu sisi tunaofundisha ni kuwa na jibu.