Anayechoka Ndiye Atangulie

Mimi na mume wangu tulifikia kuongea kwa meseji ndani ya nyumba moja! Basi tukapandisha baiskeli kwenye basi hadi Mafinga, tukaacha lami na malori ya Zambia, tukashika vumbi la Madibira. Kushuka raha: kutoka mita zaidi ya 1,800 hadi mashamba ya mpunga ya Usangu, magari ya kuhesabu.

Kazi ikawa kurudi. Mlimani akanitangulia, kama kawaida yake. Nikashuka, nikasukuma, hasira tele. Kwenye kona nikamkuta amekaa, maji hajayagusa, ananisubiri. “Samahani,” akasema. Hakuwa anazungumzia baiskeli.

Mkienda, nendeni kiangazi. Bebeni maji, pampu na viraka. Na anayechoka haraka ndiye atangulie.