Anayejua Kulima Amfundishe Jirani Yake

Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu mboga ya leo tumeinunua gengeni. Wakati huohuo, si rahisi kupita mtaa mmoja bila kumkuta mama aliyekulia shambani Lushoto, au mzee aliyelima miaka yake yote Rungwe kabla ya kuwafuata wanawe mjini. Watu hawa wanajua kuotesha. Nyumba ya pili yupo kijana aliyezaliwa Mbagala ambaye hajawahi kushika mbegu ya mchicha. Nawasihi wanaojua wajitolee kuwafundisha wasiojua, nyumba kwa nyumba, bila malipo.

Jembe mjini si jambo geni. Mwaka 1974 na 1975, baada ya ukame mkali, taifa lilipiga mbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata watu wa mjini wakatakiwa kulima. Miaka ya 1980, mshahara ulipokosa nguvu na bidhaa zikawa za foleni, nyumba za wakubwa Oysterbay zilikuwa na matuta ya mboga, mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa. Kwa maoni yangu kilimo hiki cha pili ndicho kilichotuingia zaidi, kwa sababu mtu alimwona jirani yake akivuna, akaomba mbegu, akaelekezwa palepale uani. Amri inaweza kumpa mtu jembe, lakini hamu ya kulima huipata kwa jirani.

Najua jibu la kwanza litakuwa hili: tunaishi vyumba vya kupanga, tulime wapi? Tulime kwenye viroba. Chukua kiroba kitupu cha unga au cha mbolea, ukijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Katikati simamisha kopo la bati lililo wazi juu na chini, ulijaze kokoto, kisha uwe unalivuta juu kadiri udongo unavyopanda, mpaka ubaki mhimili wa kokoto kutoka chini hadi juu. Maji yakimwagwa hapo hufika kila upande. Toboa matundu ubavuni, uchomeke miche. Kiroba kimoja hubeba mboga juu na pande zote, nacho hakichukui nafasi kubwa kuliko kiti. Wenzetu wa Kibera, Nairobi, wamelima hivi kwa miaka mingi mahali ambapo hata njia ya kupita ni nyembamba. Tena mpangaji akihama, anahama na bustani yake.

Wa kuanza asianze na nyanya, maana nyanya ina magonjwa mengi na itamkatisha tamaa. Aanze na matembele: aombe marando, achomeke, amwagilie, na baada ya wiki chache achume majani huku mmea ukizidi kutambaa. Mchicha nao huwa tayari kati ya wiki tatu na nne. Usiung'oe, ukate juu kidogo ya ardhi nao utachipua tena.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Tumezoea kuona watu wema wakija mtaani na fulana mpya, wanagawa miche, wanapiga picha, wanaondoka. Baada ya mwezi viroba vimekauka. Kosa si la waliopewa. Mkulima mgeni huumia katika wiki ya pili: majani yametobolewa na wadudu, au yamekuwa ya njano kwa kumwagiliwa kupita kiasi, au kuku wa jirani wamefukua kila kitu, na hana wa kumwuliza. Siku hiyo ndiyo mjitoleaji anapotakiwa awepo. Aonyeshe namna ya kutwanga majani ya mwarobaini, kuyaloweka usiku kucha na kunyunyizia maji yake. Aonyeshe kidole kinavyopima unyevu wa udongo kabla ya kumwaga maji. Kama huwezi kurudi, ndugu yangu, usigawe miche kwanza. Afadhali nyumba tatu zilizotembelewa kila Jumamosi kuliko mia moja zilizopigwa picha.

Wako wanaosema maji ni ghali. Ni kweli, na mwenye kununua maji kwa dumu hawezi kuyachezea. Lakini maji ya kuoshea mchele na mboga tunayamwaga kila siku, nayo yanafaa kabisa. Ya kufulia, yenye sabuni, yasitiwe kwenye mboga za majani. Wala sisemi kwamba kiroba kitamaliza njaa. Mchele utaendelea kutoka Mbeya na Morogoro. Tunachokitafuta ni mboga ya kila siku, iliyochumwa saa ileile ya kupikwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na nyumba nyingi hazifiki hapo pesa inapopungua.

Neno moja la tahadhari, na mjitoleaji alitamke bila aibu: udongo usichotwe kando ya gereji, jalalani, wala kwenye bonde la Msimbazi. Watafiti wamekuta madini mazito, risasi ikiwamo, katika mboga za bonde hilo. Mtoto asilishwe sumu kwa jina la kujitegemea.

Hatuhitaji kuunda chama kipya kwa ajili ya kazi hii. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki hukutana kila wiki, leo nyumba hii, kesho ile. Akina mama wa vikoba wana siku yao. Madrasa zina watoto wenye mikono myepesi, na Uislamu umefundisha kwamba anayepanda mmea, akala humo mtu au ndege, ameandikiwa sadaka. Baada ya sala au hesabu, nusu saa yatosha kujaza kiroba kimoja pamoja na kukiacha kwa mwenye nyumba.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mama wa Lushoto, mzee wa Rungwe, msisubiri kualikwa: kateni marando leo, mkabishe hodi kwa jirani, na wiki ijayo mrudi kuyatazama.